Ruzuku kwa Asasi za Mwanza na Mwambao wa Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya viongozi na watendaji wa asasi ndogo na za kati za Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe, pamoja na majirani zao wa Mara, Geita na Kagera ambao hubisha hodi kwa wafadhili walewale. Kwa kuwa maelezo ya jumla husahaulika haraka, sehemu kubwa ya majibu inatumia mfano mmoja wa kubuni: asasi ya Ukerewe inayotaka wanawake wachakataji wa dagaa waache kuanika mchangani na waanze kutumia vichanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa kutoka ardhini.

Je, ni lazima asasi iwe imesajiliwa ndipo iombe ruzuku?

Ndiyo, na haitoshi kuwa na cheti ukutani. Asasi inapaswa kuwa hai katika kumbukumbu za Msajili. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na ofisi ya Msajili ipo katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Dodoma. Usajili hutolewa kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa, na jambo hili watu hulipuuza mpaka limewagharimu: asasi yenye cheti cha kufanya kazi wilayani Ukerewe ikiandika mradi unaogusa pia mialo (sehemu za ufukweni ambako wavuvi hushusha samaki) ya Sengerema na Buchosa, mtathmini makini ataiweka pembeni kabla hajafika kwenye bajeti.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalileta mambo mawili ambayo bado yanazipata asasi zikiwa hazijajiandaa. La kwanza ni kwamba waliokuwa wamesajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) kama kampuni lakini wanafanya kazi za asasi walitakiwa kuhamia kwa Msajili wa mashirika. La pili ni kwamba cheti kina ukomo wa miaka kumi na huhuishwa. Kwa upande mwingine, wapo waliosajiliwa kwa Sheria ya Vyama chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na zipo bodi za wadhamini zilizosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Hawa nao wanaweza kuomba ruzuku, ila wahakikishe tangazo linataja aina yao ya usajili.

Kinachoziangusha asasi nyingi ni ada ya mwaka isiyolipwa na taarifa ya mwaka isiyowasilishwa. Hakuna haja ya kusafiri hadi Dodoma kwa ajili ya hayo, kwa kuwa mfumo wa Msajili upo mtandaoni na Maafisa Maendeleo ya Jamii wa mkoa na wilaya ndio Wasajili Wasaidizi. Mzoeeni afisa wenu. Siku mfadhili atakapompigia simu kuuliza kama asasi inafahamika, jibu la kusitasita litakuwa na uzito kuliko kurasa ishirini za maelezo mazuri.

Sisi ni BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni), au kikundi cha kina mama chenye cheti cha halmashauri. Tunaweza kuomba?

Kwa baadhi ya wafadhili mnaweza. Programu za ruzuku ndogo, hasa za mazingira, hupokea maombi ya vikundi vya jamii moja kwa moja. Kwa wengine njia iliyo wazi ni kuingia ubia na asasi iliyosajiliwa, ambayo ndiyo itakayosaini mkataba na kupokea fedha. Ubia huo uandikwe: nani anafanya nini, nani anashika kiasi gani, na fedha zinatoka kwa mkuu wa ubia kwenda kwenu kwa utaratibu upi. Ubia wa maneno ya mdomo huvunjika siku fedha inapoingia benki.

Msichanganye ruzuku na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Hiyo ni mikopo. Haina riba, lakini hurejeshwa, na kikundi kinachodaiwa kitaonekana kibaya pindi mfadhili atakapoiomba halmashauri maoni yake.

Wafadhili wanapatikana wapi?

Anzeni na waliopo nchini. Foundation for Civil Society, yenye makao Dar es Salaam, imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za Kitanzania kwa zaidi ya miaka ishirini, na fomu zake zilibuniwa kwa kuzingatia asasi za wilayani. Women Fund Tanzania Trust huangalia vikundi na asasi zinazoongozwa na wanawake. Mfuko wa Misitu Tanzania hutoa ruzuku kwa kazi za misitu na upandaji miti, eneo ambalo asasi za mwambao huliacha bila sababu, ilhali ukataji wa miti kwa ajili ya kuni za kukaushia samaki ni tatizo linaloonekana kwa macho.

Balozi nazo zina madirisha madogo ambayo wengi hawayajui au huyadharau. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi ya ngazi ya jamii inayolenga majengo na vifaa, kama vile madarasa, visima na wodi, na haigharamii mishahara wala uendeshaji wa ofisi. Asasi inayotaka kuendesha mafunzo isipoteze muda wake huko. Canada ina mfuko wa miradi ya wenyeji wenye dirisha la muda mfupi kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Kwa upande wa mazingira upo mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, GEF, unaopitia UNDP, ambao kwa miaka mingi ukomo wa ruzuku yake ya kawaida ulikuwa dola 50,000 za Marekani. Umoja wa Ulaya hutoa ruzuku kubwa zaidi, lakini asasi ndogo huingia kwa urahisi zaidi kama mshirika kuliko kama mwombaji mkuu.

Kuhusu fedha za serikali ya Marekani, hali imebadilika kabisa. Januari 2025 misaada ya nje ilisimamishwa kwa agizo la Rais wa nchi hiyo, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID lilifungwa rasmi kama mtekelezaji wa misaada. Asasi zilizokuwa zikipokea fedha zake kupitia mashirika makubwa, hasa katika kazi za VVU, zilibaki na watumishi wasio na mikataba. Atakayewauzia leo kitabu cha kuomba fedha za USAID anawauzia karatasi.

Lipo pia kundi ambalo halitangazi: wafanyabiashara wa viwanda vya samaki, migodi, mabenki, na watu wa ukanda huu wanaoishi Dar es Salaam au ughaibuni. Hawa hawasomi maandiko marefu. Wanataka barua ya ukurasa mmoja, mtu wanayemfahamu wa kuidhamini, na taarifa ya matumizi wasiyolazimika kuidai.

Tutajuaje kuwa tangazo fulani linatufaa?

Someni masharti ya ustahiki kabla ya kusoma kiasi cha fedha. Angalieni usajili unaotakiwa, miaka ya uzoefu, maeneo, na hasa kipimo cha mapato: wafadhili wengi hawatatoa ruzuku inayozidi kwa mbali kile ambacho asasi imewahi kusimamia katika mwaka mmoja. Asasi iliyosimamia shilingi milioni 15 mwaka jana ikiomba milioni 400 inamlazimisha mfadhili aulize nani atazishika, na jibu la haki hapo ni kwamba hakuna. Ruzuku ndogo mbili zilizofungwa vizuri, zenye taarifa na ukaguzi wa hesabu, ndizo zinazofungua mlango wa ruzuku ya kati.

Jambo la pili ni kujiuliza kama mngeifanya kazi hiyo hata kama tangazo lisingetoka. Ipo asasi ya watoto ambayo mwaka huu ni ya kilimo, mwaka ujao ni ya tabianchi, na mwaka unaofuata ni ya utawala bora, kwa kufuata matangazo. Wafadhili hujadiliana wao kwa wao, na asasi ya namna hiyo hujulikana mapema kuliko inavyodhani.

Andiko la mradi lianze na nini?

Lianze na tatizo lililoelezwa kwa usahihi kiasi kwamba mtu wa Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, akisoma aseme ni kweli. Hapa ndipo maandiko mengi hupoteza alama, na ndipo inapostahili kutumia muda mrefu.

Tuchukue mfano wetu. Andiko la kawaida litaanza hivi: wanawake wa kanda ya ziwa wanakabiliwa na umaskini uliokithiri, ukosefu wa elimu na mfumo dume. Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye mradi wowote, popote. Sasa tuliandike upya kwa kufuata dagaa mwenyewe. Wavuvi hushusha mzigo alfajiri. Mchakataji hununua kwa ndoo, mara nyingi kwa mkopo unaolipwa baada ya mauzo. Huanika mchangani au juu ya nyavu kuukuu. Mvua ikinyesha mchana dagaa huharibika, na hata jua likiwaka, dagaa wenye mchanga huuzwa kwa bei ya chini kwa watengenezaji wa chakula cha kuku badala ya kwenda kwa mlaji. Hasara inaangukia mikononi mwa mchakataji, kwa sababu mvuvi ameshalipwa au anadai chake. Maelezo hayo yanaonyesha mahali fedha inapopotea, nani anaipoteza, na kwa nini kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini kinaweza kubadilisha jambo.

Baada ya hapo tajeni ukubwa wa tatizo katika eneo lenu: mialo mingapi, wachakataji wangapi, ndoo ngapi huharibika kipindi cha masika. Msipokuwa na takwimu hizo, nendeni mwaloni mkahesabu. Daftari la mwenyekiti wa BMU na mazungumzo ya kina na wanawake waliopo hapo yatawapa takwimu ambazo hakuna mshindani wenu aliye ofisini mjini anaweza kuwa nazo.

Elezeni pia yaliyokwisha kujaribiwa na kwa nini hayakudumu. Mradi wa vichanja si wazo jipya katika Ziwa Victoria, na mtathmini anayeujua uvuvi atataka kuona kwamba mnafahamu hivyo. Kama vichanja vilivyojengwa miaka iliyopita viling'olewa mbao zikawa kuni, semeni, kisha mweleze mtafanya nini ili vya kwenu visiishie jikoni.

Takwimu za kuaminika tuzitoe wapi?

Kwa idadi ya watu, tumieni Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo iliuhesabia Mkoa wa Mwanza watu 3,699,872. Zipo pia takwimu za wilaya na kata. Bado yapo maandiko yanayonukuu sensa ya mwaka 2012, na hilo pekee humwonyesha msomaji kwamba limenakiliwa kutoka kwenye andiko la zamani. Kwa uvuvi, waoneni TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi) na ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Kwa afya, mganga mkuu wa wilaya anazo taarifa za vituo, na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) Mwanza imefanya tafiti za miaka mingi kuhusu kichocho na VVU katika ukanda huu. Takwimu za taifa zitumike kuonyesha picha kubwa tu. Uzito wa hoja ubebwe na takwimu za kata yenu.

Malengo na viashiria huandikwaje?

Kwa ufupi na kwa namna ya kupimika. "Kuwawezesha wanawake" si lengo linalopimika. "Wachakataji 120 wa mialo mitatu wanaanika angalau nusu ya dagaa wao kwenye vichanja ifikapo mwezi wa kumi na mbili wa mradi" ni lengo linalopimika, maana mtu anaweza kwenda mwaloni akahesabu. Tofautisheni kazi mliyofanya na badiliko lililotokea: kujenga vichanja 40 ni kazi, kuongezeka kwa bei anayoipata mama kwa ndoo ni badiliko. Viashiria vitano mnavyoweza kuvifuatilia ni bora kuliko ishirini vitakavyowatesa kila robo mwaka. Pimeni hali ya awali kabla ya kuanza, la sivyo mwishoni hamtakuwa na cha kulinganisha nacho.

Ratiba ya utekelezaji ipangwe vipi katika mazingira ya ziwa?

Ipangwe kwa kalenda ya watu wenyewe. Uvuvi wa dagaa kwa taa hufanyika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo mafunzo yakipangwa katikati ya giza, wachakataji watakuwa na kazi alfajiri hadi jioni na ukumbi utajaa watu ambao hawaguswi na dagaa. Yakipangwa wakati wa mbalamwezi, wenyewe watakuwapo. Ujenzi wa vichanja ufanyike kati ya Juni na Septemba, kabla ya vuli, ili viwe tayari mvua zinapoanza. Mtathmini akikuta sentensi mbili za namna hiyo kwenye ratiba, hatahitaji kuambiwa kwamba asasi ina uzoefu wa eneo.

Angalieni sheria pia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Vichanja vya kuhamishika na jengo la zege si kitu kimoja, na ni busara kupata maoni ya maandishi ya afisa mazingira wa halmashauri kabla ya kuandika neno "jengo" kwenye andiko.

Bajeti inapaswa kuwaje?

Bajeti ni andiko lilelile kwa lugha ya fedha. Kila mstari wake uweze kuonyeshwa kwenye kazi fulani, na kila kazi iwe na mstari wake. Wapo watathmini wanaoanza kusoma bajeti kabla ya maelezo, kwa sababu nia ya asasi huonekana huko waziwazi zaidi.

Andikeni bei halisi. Pateni ankara kifani (proforma) kwa mafundi na wauzaji wa mbao wa Nansio au Mwanza mjini, tena zaidi ya moja. Hesabuni usafiri wa visiwani kama ulivyo: meli au barabara ya Bunda na kivuko cha Kisorya hadi Rugezi, kisha mtumbwi kwenda visiwa vidogo, mafuta, maboya ya kujiokolea, na siku zinazopotea ziwa linapochafuka. Maboya msiyaache. Ziwa hili limeua watu wengi, ikiwamo ajali ya kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, na asasi inayosafirisha wanufaika majini bila maboya haistahili ruzuku. Upande wa pili, msiweke gharama zilizopitwa na wakati: tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, nauli ya kivuko cha Kigongo na Busisi kwenye bajeti ya Sengerema ni ushahidi wa kunakili.

Posho ndiyo inayozua maneno. Wafadhili wengi wamechoka kuona nusu ya fedha ikiishia kwenye semina za hotelini, na kwa maoni yangu wana haki. Kama mafunzo yanaweza kufanyika mwaloni au shule ya msingi, yafanyike huko, na posho ya washiriki ibaki nauli na chakula. Kama maafisa wa serikali watahusika, ulizeni mapema viwango vinavyokubalika kwa mfadhili, kwa kuwa si kila mfadhili anafuata viwango vya serikali.

Kumbukeni makato ya lazima. Mishahara ina kodi ya mapato ya ajira, mchango wa NSSF ambao kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Pango la ofisi lina kodi ya zuio ya asilimia 10, na malipo ya huduma kama vile ushauri asilimia 5. Asasi haisamehewi kodi kwa sababu tu haitengenezi faida. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa TRA na kuthibitishwa na Kamishna Mkuu. Makato yaliyosahaulika kwenye bajeti hulipwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mkurugenzi mwenyewe.

Je, tunaweza kuomba fedha za uendeshaji wa ofisi?

Mnaweza, na mnapaswa. Tabia ya kujifanya kwamba ofisi inajiendesha bure imezidhoofisha asasi nyingi kuliko ukosefu wa ruzuku. Katika ruzuku za Umoja wa Ulaya, gharama za uendeshaji zisizo za moja kwa moja kwa kawaida hukubaliwa hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Mfadhili akiwa na kiwango chake, kitumieni chote. Akiwa hana, gawanyeni pango, umeme, intaneti na mshahara wa mhasibu kwa uwiano wa muda unaotumika kwenye mradi, na mwonyeshe hesabu hiyo.

Mchango wetu wenyewe una umuhimu?

Una umuhimu hata pale usipodaiwa. Eneo lililotolewa na serikali ya kijiji, nguvukazi ya wachakataji, muda wa kujitolea wa wajumbe wa bodi, vyote vina thamani inayoweza kuandikwa kwa shilingi. Viandikeni kwa bei ya kweli. Saa moja ya kujitolea haiwezi kuwa na thamani ya mshahara wa siku tatu.

Andiko liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Fuateni tangazo. Baadhi ya wafadhili wa ndani hupokea Kiswahili, na pale panaporuhusiwa kiandikeni, kwa sababu fikra za watu wa mradi zitatoka zikiwa nzima. Kiingereza kikilazimu, andikeni kwanza kwa Kiswahili pamoja na wahusika, mkubaliane, kisha atafutwe mfasiri mmoja. Programu za akili mnemba zinaweza kusaidia kusahihisha lugha, lakini zikiachiwa kuandika tatizo zitawaletea aya nzuri zisizo na mwalo wala ndoo ya dagaa ndani yake.

Mtaalamu anataka asilimia 10 ya ruzuku ili atuandikie. Tukubali?

Hapana. Malipo ya asilimia hayaruhusiwi na wafadhili wengi, na fedha hizo hazina mstari halali kwenye bajeti. Mtalazimika kuzificha, na mkaguzi atazikuta. Kama mnahitaji msaada, mlipeni mtu kwa siku za kazi, kutoka kwenye fedha zenu, na awafundishe mnapoandika. Jambo la hatari zaidi ni andiko kuwa la kwake: siku ya mahojiano mratibu wa mradi ataulizwa kwa nini mialo ni mitatu na si mitano, naye atamtazama mhasibu.

Tahadhari ya karibu na hiyo ni utapeli. Mfadhili wa kweli hadai ada ya usajili, "bima ya uhamisho" wala gharama ya kuachilia fedha. Ujumbe wa WhatsApp unaosema asasi yenu imechaguliwa kupokea ruzuku ambayo hamkuiomba ufutwe bila kujibiwa.

Barua za halmashauri na za vijiji zinahitajika?

Mara nyingi zinahitajika, na hata zisipohitajika zinasaidia. Ziombeni mapema, kwa kuwa barua ya mkurugenzi hupita mikono kadhaa. Barua inayoeleza mchango mahususi wa halmashauri, mathalani afisa uvuvi atakayetembelea mialo kila mwezi, ina maana kuliko barua ya kusifu.

Tumekataliwa. Tufanye nini?

Ombeni maoni kwa barua fupi ya heshima, bila kulalamika. Si wote watajibu, lakini anayejibu anawapa kitu cha thamani. Angalieni kama sababu ilikuwa ya ustahiki, ya ubora au ya ushindani tu. Ya kwanza hurekebishwa kwa nyaraka, ya pili kwa kuandika upya, na ya tatu kwa kusubiri dirisha lingine. Kupeleka andiko lilelile kwa mfadhili mwingine kwa kubadilisha jina la juu ni jambo linaloonekana upesi, hasa jina la mfadhili wa kwanza linapobaki ukurasa wa tisa.

Tumeshinda. Nini kinafuata kabla ya fedha kuingia?

Kwanza ni uhakiki. Mfadhili atataka kuona katiba, orodha ya bodi inayokutana kweli, mihtasari, sera ya fedha, sera ya manunuzi, sera ya ulinzi wa mtoto, na taarifa za hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu). Bodi yenye mke, shemeji na mtoto wa mkurugenzi haitapita, hata kama wote ni waadilifu.

Pili ni mkataba. Usomwe na bodi nzima, hasa vifungu vya sarafu, awamu za malipo, ukaguzi na kusitishwa. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zinazitaka asasi zinazopokea fedha zaidi ya shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi tangu kusainiwa, pamoja na kutangaza hadharani mapato na matumizi. Thibitisheni utaratibu wa sasa kwa Msajili Msaidizi siku ileile mnayosaini.

Tatu ni akaunti ya benki ya mradi yenye watia saini wasiopungua wawili, na mfumo wa masurufu: hakuna anayepewa fedha mpya kabla hajarejesha hesabu za zile za awali. Visiwani risiti za EFD hazipatikani kila mahali, kwa hiyo kubalianeni na mfadhili kwa maandishi kuhusu hati za malipo zitakazotumika kwa mwenye mtumbwi au mama lishe.

Nne ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia orodha za wanufaika, namba zao za simu na picha zao. Ridhaa ichukuliwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na picha ya mtoto isitumike bila ridhaa ya mzazi au mlezi.

Mambo yakienda kinyume katikati ya mradi, tumwambie mfadhili?

Mwambieni, tena kabla hajasikia kwa mwingine. Bei ya mbao ikipanda, mwalo ukifungwa kwa kipindupindu, mwenyekiti wa kikundi akihamia kambi nyingine, andikeni barua yenye mambo matatu: kilichotokea, athari yake, na marekebisho mnayopendekeza. Mikataba mingi huruhusu kuhamisha kiasi fulani kati ya mistari ya bajeti bila kibali, na zaidi ya hapo kwa kibali cha maandishi. Kinachovunja uhusiano ni kuhamisha kwanza na kueleza baadaye.

Fedha zikibaki mwishoni mwa mradi, ni zetu?

Si zenu, isipokuwa mkataba unasema hivyo. Miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho, mhasibu akokotoe salio litakalobaki, na asasi iombe kwa maandishi ama kuongezewa muda bila fedha mpya, ama kulitumia kwa kazi inayohusiana na mradi, kwa mfano kufanyia ukarabati vichanja kabla ya masika. Jibu lisipofika, salio lirejeshwe pamoja na taarifa ya mwisho, na hati ya benki ya urejeshaji ihifadhiwe kwenye jalada la mradi kwa miaka yote ambayo mkataba unaitaja.